Mabaki ya Kombe

Askari wa kumi na mbili alianguka saa tatu asubuhi, zamuni, juu ya ngome ya Mutsamudu, kisiwani Nzuani.

Hakupigwa risasi. Hakuwa na homa. Bunduki yake aina ya Simonov ilimponyoka mkononi ikagonga mawe, kisha naye akaifuata.

"Miguu yangu iko wapi?" aliuliza.

Alikuwa anaitazama.

Saa sita mchana habari ilikwishavuka bahari na kufika Moroni. Kamanda Abdoulkarim, mkuu wa idara ya ujasusi, aliipokea katika chumba kidogo nyuma ya bandari ya zamani, chenye meza moja, redio moja ya Racal na feni isiyozunguka. Hakuwa mtu wa kupiga mbio. Alimwita mtu mmoja tu.

Saandia Mroudjae aliingia bila kubisha. Umri miaka thelathini na mmoja. Alizaliwa Unguja kwa wazazi Wangazija, akasomea kemia Dar es Salaam, akajifunza bastola huko huko. Kiunoni alikuwa na Makarov, mkononi Seiko ya kiume, na begani mkoba wa ngozi wenye vichupa, tindikali na vipande vya zinki. Kwenye redio jina lake lilikuwa Wembe.

"Wa kumi na mbili," alisema Kamanda. "Wa kumi na moja unamjua."

Alimjua. Boina, mdogo wake, mtoto wa mwisho wa mama yao. Alikuwa hospitali ya Hombo siku ya tisa sasa, hawezi kushika kijiko.

"Madaktari wanasema nini?"

"Wapi? Wageni wameondoka. Muuguzi anasema beriberi. Wazee wanasema uchawi. Wakubwa zangu wanasema majivu ya volkano ya Karthala, ule mlipuko wa mwaka jana."

"Majivu ya Ngazija yawaangushe watu wa Nzuani, tena askari peke yao?"

"Ndiyo maana nimekuita wewe na sikuwaita wao." Kamanda alifungua droo. "Kuna meli isiyo na bendera. Imeonekana mara mbili kusini ya Nzuani. Ngome ile ina askari arobaini. Kumi na wawili wako kitandani. Wakilala wote arobaini, kisiwa kinachukuliwa na mamluki wanane na mbwa mmoja."

"Ganzi za mikono na miguu. Tumbo kwanza, ganzi baadaye. Mimi nasema arseniki."

"Nilijua utasema." Akaweka mezani kasha la bati, si kubwa kuliko kopo la biskuti. "BAL. Dawa ya arseniki. Dozi za watu kumi na wawili, visiwa vyote vinne havina nyingine. Nipe ushahidi, nipe na chanzo. Nikiwadunga leo, kesho wakanyweshwa tena, nimeimwaga dawa baharini."

"Na nikichelewa?"

"Ndege ya Dakota inaruka Ijumaa alfajiri. Leo Jumatano. Hesabu mwenyewe." Halafu akaongeza, "Kwenye redio tumia Kiswahili. Kifaransa wanakisikia, Kikomoro watanunua mkalimani."

Saandia alitoka.

*

Kutoka uwanja wa ndege wa Ouani mpaka Hombo alipanda teksi ya Renault pamoja na wanawake wawili na jogoo mmoja. Hakuna aliyemwuliza kitu. Suruali ya kaki na mkoba wa ngozi vilitosha kuwanyamazisha. Siku hizo, serikali mpya ilipokuwa inageuza kila kitu chini juu, mtu mwenye mkoba alikuwa mtu wa kuogopwa.

Boina alikuwa amekonda hadi masikio yamekuwa makubwa.

"Jeje?" Saandia alimsalimu kwa lugha ya nyumbani.

"Ndjema," alijibu Boina. Njema! Mtu hawezi kujifunika shuka mwenyewe, anasema njema. Machozi yalimlenga Saandia, akayarudisha ndani.

Muuguzi aliitwa Anziza. Mwanamke mnene, mchovu, mwenye ulimi.

"Nataka kumbukumbu za wagonjwa," alisema Saandia. "Nani aliugua kwanza, tarehe gani."

"Karatasi?" Anziza alicheka bila furaha. "Karatasi za nchi hii zilikwenda na moto mwaka jana, dada yangu. Za mahakama, za posta, zetu. Tuliambiwa tunaanza upya. Hapa hata ya kufungia karanga huipati."

Basi akaanza na miili.

Mkebe wake wa vipimo ulikuwa mdogo lakini mkali. Unatia kitu unachokishuku kwenye kichupa, unaongeza tindikali na zinki, hewa inapanda na kugusa karatasi nyeupe. Karatasi ikibaki nyeupe, salama. Ikiwa ya njano, jihadhari. Ikiwa ya kahawia, chimba kaburi.

Damu ya Boina: nyeupe.

Mkojo: njano hafifu.

Maji ya bomba la hospitali: njano hafifu zaidi, kama chai ya maskini. Maji ya ngomeni: vile vile. Mchele wa ngomeni: vile vile.

"Sasa ndiyo nini hiyo?" aliuliza Anziza.

"Hiyo ndiyo shida yake. Arseniki ipo kila mahali. Imo kwenye mawe ya volkano, maji yakipita yanachota kidogo. Imo kwenye udongo, imo kwenye mchele. Mimi ninayo, wewe unayo. Mtu wa Moroni akiona njano hii atasema, si unaona, ni ardhi tu."

"Na damu mbona safi?"

"Damu ni njia, si nyumba. Ikiingia tumboni inapita kwenye damu, inakwenda kwenye ini, figo zinaitoa. Siku tatu nne damu imeshasahau. Lakini mwili una mahali pa kuweka kumbukumbu."

Akashika mkono wa mdogo wake, akausogeza kwenye mwanga wa dirisha.

Kucha.

Juu ya kila ukucha, kutoka upande hadi upande, kulikuwa na mstari mweupe. Chini yake mwingine. Chini yake, karibu na nyama, wa tatu. Vidole kumi, mistari ile ile, nafasi ile ile.

Alikwenda kitanda cha pili. Mistari mitatu. Cha tatu. Mitatu. Cha saba, miwili. Yule aliyeanguka asubuhi, mmoja.

"Lahaula!" Anziza alijishika kifua. "Nimewaogesha watu hawa wiki nzima, sikuona."

Alikata vipande vya kucha, akavitia kichupani. Walisimama wawili wakitazama karatasi. Ilianza njano. Ikaiva. Ikawa kahawia ya kahawa iliyoungua.

Saandia akatoa rula. Ukucha huota kama milimita tatu kwa mwezi. Kati ya mstari na mstari, milimita moja na nusu.

Wiki mbili.

Akakaa chini. Basi si maji, wala mchele, kwa sababu maji hunywewa kila siku na mchele huliwa kila siku. Hiki kilikuja kila baada ya wiki mbili, kikapiga, kikaondoka. Kuna kitu askari wale walikifanya mara mbili kwa mwezi, na wapishi wao, ambao walikuwa wazima, hawakukifanya.

"Boina. Kila baada ya wiki mbili, mnafanya nini?"

Kijana aligeuza uso ukutani.

"Boina, mdogo wangu. Utakufa."

"Dada." Sauti ilitoka kwa shida. "Wewe ni mtu wa serikali."

Hakuna kofi lililowahi kumuuma hivyo.

*

Anziza alimvuta hadi kwenye stoo ya mashuka, akafunga mlango.

"Sikiliza. Mwezi wa Desemba vijana wa Komando, wale wenye bunduki wa serikali mpya, walimkamata mzee mmoja aandikaye dua. Walimnyoa kichwa sokoni, wakampaka masizi, wakamzungusha mji mzima huku wanapiga makopo. Walisema anapumbaza umma. Mzee yule hakutoka tena ndani. Unafikiri kuna askari atakayekwambia wewe, na mkoba wako huo, kwamba wanakunywa kombe?"

Kombe! Saandia alifumba macho. Utotoni, Unguja, bibi yake alimnywesha. Aya zinaandikwa kwa wino wa zafarani kwenye sahani nyeupe, zinaoshwa kwa maji ya waridi, mgonjwa anayanywa yale maji. Dawa ya homa, ya hofu, ya jicho baya. Na kwa askari anayesikia fununu za mamluki, kinga ya risasi.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Hapa walificha dawa.

"Anawaandikia nani?"

"Mwalimu Mouhidine, mjini, nyuma ya msikiti wa Ijumaa. Mtu mwema, Wallahi. Usimdhuru." Anziza alivua shiromani yake nyekundu, ile nguo ya kujitanda, akamtupia. "Vua hiyo suruali. Nenda kama dada wa mgonjwa."

Alhamisi, saa nne asubuhi, Saandia alipita kwenye vichochoro vya Mutsamudu, vyembamba hivi kwamba watu wawili wakikutana lazima mmoja aombe radhi. Makarov ilikuwa imefungwa pajani. Alibisha.

Mlango ulifunguliwa na mwanamke wa makamo, wema wa roho ukimwonekana usoni kabla hajasema neno. Bi Charifa, mke wa Mwalimu. Mikono yake ilikuwa mizuri, hina imekolea mpaka kwenye kucha. Alitembea akishika ukuta. Katikati ya ukumbi kiatu kimoja kilimvuka mguuni, naye akaendelea kwenda, hakujua.

Saandia alikiona kile kiatu.

Ndani, Mwalimu Mouhidine alikuwa ameketi kwenye mkeka na sahani magotini, mzee mwembamba wa miwani ya waya. Kando yake, akijipepea, alikaa mtu wa tatu.

"Huyu ni Bwana Ridjali," alisema Mwalimu. "Mfanyabiashara wa maua ya langilangi. Usimwogope, binti yangu. Yeye ndiye anayetuletea zafarani, sadaka tupu, hataki hata shukrani. Nyakati hizi nani angeithubutu?"

Ridjali alitabasamu. Shati la hariri, pete, viatu vya Kizungu mlangoni. Saandia alikuwa amelisoma jina lake kwenye faili la Moroni: mnunuzi wa Vireux, Mfaransa mwenye kiwanda cha manukato karibu na Ouani. Vireux alikuwa na antena ndefu kupita haja ya mtu anayekamua maua.

"Dada wa nani?" aliuliza Ridjali.

"Wa Boina. Askari wa ngomeni. Nimekuja kumwombea."

"Maskini." Macho yake yalimpima kutoka utosini hadi miguuni. "Basi anywe yeye, Mwalimu, kwa niaba ya mdogo wake. Hapa hapa. Tumwone."

Mwalimu alichovya kalamu ya mwanzi kwenye kijichupa cha wino wa njano. Nyuzi za mwanzi zilipogandamana aliilowesha ncha kwa ulimi, kama alivyofundishwa na baba yake, akaandika. Mwandiko mzuri ajabu. Akamimina maji ya waridi. Maneno yakayeyuka, maji yakawa ya dhahabu.

Sahani ikaletwa mbele ya Saandia.

Akikataa, Ridjali anajua. Ridjali akijua, Vireux anajua, na meli inajua. Wino unamwagwa, ushahidi unapotea, na kasha la bati linabaki Moroni.

"Bismillahi," alisema Saandia.

Akanywa.

Mafunda matatu. Waridi juu, chini yake ladha ya bati. Ridjali alihesabu mafunda yale kwa macho, akatulia, akarudi kujipepea.

Halafu likatokea jambo ambalo Saandia hakulitarajia, na ambalo hatalisahau.

Bi Charifa aliichukua ile sahani. Ilikuwa na mabaki, funda moja hivi, mazito, ya chini. Maneno ya Mwenyezi Mungu hayamwagwi sakafuni yakanyagwe na watu. Hayatupwi chooni. Kwa hiyo mwanamke yule, kama alivyofanya kwa kila sahani iliyooshwa katika nyumba ile, alisuuza kidogo, akainua na kunywa mwenyewe.

Usinywe, mama! Neno lilifika kwenye meno ya Saandia. Alilibana.

Alimtazama akimeza.

"Kesho asubuhi," Ridjali alikuwa anasema, "kombe kubwa ngomeni. Askari wote, walinzi na wapishi. Nimeleta zafarani ya kutosha, Mwalimu. Wino uwe mzito. Wanastahili kinga nzito."

*

Kwenye kona ya tatu ya kichochoro Saandia alitia vidole kooni, akatapika ndani ya chupa aliyoificha chini ya shiromani. Si kazi ya kusimulia harusini, lakini ushahidi ni ushahidi. Alikunywa maji ya chumvi akatapika tena, mpaka akaona nyota mchana.

Hospitalini, karatasi haikupita kwenye njano. Ilikwenda moja kwa moja kwenye weusi.

Redio ilikoroma. Hewani, Kamanda aliitwa Jabali.

"Jabali, Jabali. Wembe hapa."

"Sema."

"Chanzo kimepatikana. Wino."

"Rudia."

"Wino wa kombe. Zafarani ya bandia, arseniki iliyotiwa rangi. Mwandishi hana hatia. Aletaye ni Ridjali."

Kamanda naye utotoni alikuwa na bibi wa kumnywesha.

"Mkamate."

"Nikimkamata leo, meli itajua. Kesho asubuhi ngome nzima inanyweshwa. Nitakuwa juu ngomeni."

"Kasha linaruka alfajiri. Wa kudungwa kumi na wawili."

Saandia alibonyeza kitufe, akasita. "Kumi na watano. Mwalimu analamba kalamu. Mkewe anakunywa mabaki. Na mimi nimekunywa."

"Kasha ni la kumi na wawili, Wembe."

"Nimesikia."

"Mungu akulinde. Zima."

*

Kuna ngazi zaidi ya mia tatu kutoka mjini hadi ngomeni. Ijumaa, saa moja na nusu asubuhi, alizipanda na tumbo linalomsokota. Jasho lilimtoka baridi. Hakusimama.

Askari ishirini na wanane walikuwa wamepanga mstari uani, kofia kichwani, vikombe vya bati mkononi. Katikati, beseni kubwa la enameli, maji yakimetameta njano. Mwalimu Mouhidine alisimama nyuma yake, Bi Charifa ameketi kwenye kigoda, kapandishwa kwa kubebwa. Na Ridjali alikuwa ukingoni mwa ukuta, begi dogo la turubai begani, akitazama bahari.

Kule mbali, pale maji yanapokutana na mbingu, palikuwa na doa la kijivu. Halikuwa na bendera.

"Simameni!" alisema Saandia. "Msinywe. Ni sumu."

Mnong'ono ulipita, kisha ukawa ngurumo. Askari mmoja alisonga mbele. "Unayaita sumu maneno ya Mungu, wewe mwanamke?"

"Komando!" mwingine alipaza sauti. "Ni mtu wa Komando! Amekuja kumnyoa Mwalimu!"

Mikono ilimshika mabega. Kosa moja la kijinga na angetupwa chini kutoka ukutani. Angeweza kulipiga teke beseni. Angeweza kulipiga risasi. Na wale vijana wangelamba mawe kwa hasira, kisha wangemwua.

"Mwanangu," alisema Mwalimu, "haya ni maneno ya Mwenyezi Mungu."

"Maneno ni yake, Mwalimu. Wino ni wa Ridjali."

Ridjali aligeuka polepole.

"Tazama kucha zako," alisema Saandia. "Zangu wiki hii hazina kitu. Zako?"

Mzee aliinua mikono, akasogeza miwani. Mistari mitano. Vijana wa mbele waliiona, wakatazama za kwao. Mmoja akaangusha kikombe.

"Uzee," alisema Ridjali. "Uzee tu huo, Mwalimu."

"Bi Charifa. Nipe mkono, mama."

Ulikuwa mwepesi, na baridi. Hina ilifunika kucha zote, nyekundu ya kupendeza, ndiyo maana hakuna aliyewahi kuona. Lakini kucha huota. Chini ya hina, kwenye ile sehemu mpya karibu na nyama, palikuwa na mstari mweupe, mnene kuliko wa mtu yeyote pale hospitalini.

"Huyu hakuandika," alisema Saandia, na sauti yake ilikatika mbele za watu wote. "Hakuomba kinga ya risasi. Amekunywa mabaki yenu, kila sahani, kwa sababu hakutaka jina la Mungu likanyagwe. Mwalimu, mkeo tangu lini haisikii miguu yake?"

Mwalimu Mouhidine alimtazama mkewe.

"Tangu Bwana Ridjali alete zafarani," alisema Bi Charifa taratibu. "Nilidhani ni mimi tu. Sikutaka kukusumbua na maandishi yako."

Mzee hakulia. Alichukua kijichupa cha wino, akakitonesha kwenye chetezo cha ubani kilichokuwa kando ya beseni. Zafarani ikiungua hunukia. Hii ilitoa moshi mweupe, na moshi ule ulinuka kitunguu saumu, ukachoma pua za watu.

"Rudini nyuma!" alisema Saandia. "Msiuvute!"

Mkono wa Ridjali uliingia begini.

Makarov ilitoka chini ya shiromani. Mlio mmoja.

Begi liliruka. Ridjali alipiga magoti akishika kiganja, na juu ya mawe zikatawanyika bastola ya fataki, fataki mbili za kijani, na hati ya kusafiria ya nchi ya watu.

"Kijani ni ya nini?" aliuliza Saandia.

Ridjali alikibana kiganja kifuani. "Baada ya sala ya Ijumaa. Wakishalala wote. Kijani, waje."

"Wasipoiona?"

"Wanatazama kwa darubini."

"Vizuri sana. Tuwape cha kutazama." Akamgeukia kapteni wa ngome. "Panga watu wako ukutani. Wote. Singe mbele, vifua wazi."

Askari ishirini na wanane walisimama juu ya ukuta, wima, jua likiwapiga usoni. Hakuna aliyekohoa. Walisimama dakika ishirini. Doa la kijivu halikusogea. Kisha likawa refu. Kisha likawa jembamba.

Lilikuwa linageuka.

Vireux alikamatwa saa tano uwanjani Ouani, na sanduku na kofia ya majani, akiulizia ndege ya Dakota iliyotua asubuhi. Ndege ile ilikuwa imeleta abiria mmoja tu wa maana, mwenye umbo la kopo la biskuti.

"Maji haya," Mwalimu aliuliza juu ya beseni, "nikayamwage wapi, binti yangu? Mtoni wanakunywa. Shambani wanalima."

"Popote utakapoyamwaga yatakaa. Hii haiozi, Mwalimu. Haifi. Inahama tu, kutoka udongoni hadi kisimani, kutoka kisimani hadi tumboni." Waliyafunga ndani ya madumu ya chuma, Mwalimu mwenyewe akiyasomea, yakaenda Moroni kama ushahidi.

Anziza alifungua kasha. Dozi za watu kumi na wawili. Saandia alimpangusa Bi Charifa uso, akamwambia kwamba wa kwanza atakuwa yeye.

"Mama zao wako wapi hawa?" aliuliza Bi Charifa. "Wadunge watoto wa watu kwanza."

"Mama, hazitoshi."

"Ndiyo nimesema."

Alifariki siku ya nane.

*

Wiki sita baadaye, saa nne asubuhi, Moroni. Feni bado haikuzunguka.

Kamanda Abdoulkarim alisukuma ripoti mezani. Ilikuwa imepigwa chapa vizuri, tayari kwa wakubwa. Walioathirika: askari kumi na wawili. Waliopona: kumi na wawili. Hasara: hakuna.

"Tia sahihi."

Saandia alichukua kalamu. Akakata neno "hakuna". Akaandika jina kamili la Bi Charifa, na kazi yake: aliosha sahani. Kwenye walioathirika akaandika kumi na watano, kwenye waliopona kumi na wanne.

"Wakubwa hawatapenda," alisema Kamanda.

"Basi waichome. Wamezoea."

Akasaini. Kamanda, ambaye macho yake hayakuwa yamezeeka, aliuona ule mkono juu ya karatasi. Kwenye ukucha wa kidole gumba, karibu na nyama, palikuwa na mstari mmoja mweupe.

"Wembe. Paka hina juu ya hicho kidole. Utatambulika."

"Hapana."

"Ni amri."

"Niandikie," alisema Saandia, akaweka kalamu chini na kutoka.

Nje, kwenye ngazi za bandari, Boina alikuwa anamsubiri na fimbo yake. Kila siku alikuwa anasikia kidole kimoja zaidi cha mguu. Leo vilikuwa saba. Meli moja kubwa ilikuwa imetia nanga nje, mbali, na Saandia aliitazama bendera yake kabla ya kuipa mgongo.

"Twende," alimwambia mdogo wake, akapunguza hatua ili walingane.